Fedha za mapapa wa zama za kati: zilitoka wapi, zikaenda wapi?

Swali: "Mimi ni mwalimu wa Historia wa sekondari, na ni Mkatoliki. Darasani kumezuka ubishi. Baadhi ya wanafunzi wanasema Kanisa la mwishoni mwa zama za kati lilimiliki theluthi ya ardhi ya Ulaya na mapapa waliishi kama wafalme. Wengine wanasema hizo ni habari zilizotiwa chumvi na Waprotestanti. Ukweli uko wapi? Fedha zilitoka wapi, zilitumika kwa nini, na kwa nini watu walivumilia?"

Jibu: Mwalimu, hilo la Waprotestanti tulimalize mapema. Wakosoaji wakali wa mambo haya walikuwepo karibu miaka 200 kabla ya kuwa na Mprotestanti hata mmoja, na walikuwa Wakatoliki. Mshairi Petrarca aliuita mji wa Avignon, kusini mwa Ufaransa ya leo, uliokuwa makao ya mapapa, Babeli, huku mwenyewe akiishi kwa mapato ya nafasi za kikanisa. Katerina wa Siena, ambaye leo ni mtakatifu, aliwaandikia mapapa barua ambazo katibu wa kawaida asingethubutu kuzisoma kwa sauti. Na ushahidi mzito kuliko wote unatoka kwenye vitabu vya hesabu vya mapapa wenyewe. Makarani wao waliandika kila kitu. Tunajua kwamba kwa karamu ya kutawazwa Papa Klementi VI, Mei 1342, walinunuliwa ng'ombe 118, kondoo 1,023 na kuku zaidi ya 10,000.

Kwa hiyo wanafunzi wako wa kundi la kwanza wana hoja. Ila ningewashauri wasikae sana kwenye hizo kuku. Mfalme yeyote wa wakati ule alikula hivyo. Ofisi iliyoandika hesabu ile ndiyo ya kuchunguza, na nitaifikia.

Kuhusu ardhi: hapakuwahi kufanyika sensa ya ardhi ya Ulaya nzima, kwa hiyo "theluthi ya Ulaya" ni makisio. Kwa Uingereza, ambako kumbukumbu ni nyingi, makadirio huwa kati ya sehemu moja ya tano na theluthi moja. Ukichukua hata kiwango cha chini, bado ni ardhi nyingi mno. Lakini waulize wanafunzi: mwenye ardhi hiyo alikuwa nani hasa? Abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, ilikuwa na mashamba yake, askofu na yake, makanoni (mapadre wa kanisa kuu) na yao, na paroko wa kijijini alikuwa na kipande chake pamoja na zaka ya wakulima. Hawakuwa na mfuko mmoja. Walishtakiana miaka nenda miaka rudi wakigombea kinu cha kusagia, haki ya kuvua samaki mtoni, au nani apokee zaka ya shamba lililoko mpakani.

Ardhi hiyo iliongezeka kwa sababu abasia haifi. Mkabaila akifa, mrithi wake alimlipa mfalme ada. Mrithi akiwa mtoto, mfalme alishika mali mpaka akue. Ukoo ukikosa mrithi, ardhi ilirudi kwa mfalme. Ardhi ikishapewa watawa, milango hiyo mitatu yote inafungwa. Ndiyo maana mwaka 1279 Edward I wa Uingereza alipiga marufuku kuipa taasisi yoyote ya dini ardhi mpya. Muda si mrefu vibali vya kuivuka sheria hiyo vikawa vinauzwa, na ardhi ikaendelea kutolewa, safari hii mfalme naye akiwa amepata chake. Ujerumani mambo yalikwenda mbali zaidi: maaskofu wakuu wa Mainz, Köln na Trier walikuwa watawala wa nchi zao, na hati ya Kaisari ya mwaka 1356 iliwathibitisha kuwa watatu kati ya wakuu saba waliochagua mfalme.

Sasa tuje kwa Papa. Kwenye karatasi alikuwa na nchi kubwa katikati ya Italia. Kwa kweli miji yake ilikuwa mikononi mwa wababe wa kienyeji, na Roma yenyewe ilikuwa ya koo zilizopigana barabarani. Klementi V, Mfaransa, alitawazwa Lyon mwaka 1305, na kuanzia 1309 akaweka makao Avignon. Mapato ya Italia yakanywea. Sasa ofisi iliyodai mamlaka juu ya Wakristo wote wa magharibi, yenye mahakama, makarani, mabalozi na vita vyake, ingejiendesha kwa nini?

Jibu lilitolewa na mzee mmoja. Mwaka 1316, baada ya kuvutana zaidi ya miaka miwili, makardinali walimchagua Jacques Duèse wa Cahors, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, akaitwa Yohane XXII. Kama walitarajia Papa wa kupita tu, walikosea: alitawala miaka 18, na hapakuwa na Papa wa enzi ile aliyeijua kazi ya fedha kama yeye.

Alijiwekea haki ya kuteua watu kwenye nafasi nyingi zaidi za kikanisa, na kila uteuzi ulikuwa na ada yake. Askofu au abate aliyeteuliwa katika kikao cha Papa na makardinali alilipa theluthi moja ya mapato ya mwaka ya jimbo au abasia yake. Nusu iliingia Hazina ya Papa, nusu waligawana makardinali. Aliyepewa nafasi ndogo, kama parokia au ukanoni, alitozwa mapato ya mwaka wa kwanza. Askofu akifa, Hazina iliweza kudai mali aliyoiacha. Kiti kikikaa wazi, mapato ya kipindi hicho nayo yalidaiwa. Na kwa kuwa askofu akihamishwa anaacha kiti wazi nyuma yake, nacho kikijazwa kinaacha kingine, uhamisho mmoja uliweza kuzaa malipo matatu au manne.

Mwaka 1317 alitoa hati ya kukataza padre mmoja kushika parokia kadhaa kwa pamoja. Yalikuwa marekebisho mazuri, tena yaliyodaiwa kwa muda mrefu. Nafasi zilizoachwa wazi kwa amri hiyo zikawa za Papa kuzigawa, maana yake ada nyingine. Makardinali na wana wa wafalme hawakuguswa. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi nia njema na hesabu ya fedha zilivyoweza kukaa ndani ya hati moja, wape hiyo.

Ulaya iligawanywa kanda, kila kanda na mkusanyaji wake mwenye wasaidizi chini yake. Inapowezekana, fedha hazikusafirishwa kwa magunia: kampuni za benki za Firenze, kama Bardi, Peruzzi na Acciaiuoli, zilipokea sarafu London na kulipa florini, sarafu za dhahabu, Avignon. Kanisa lilikataza riba, lakini wenye benki walijua kuificha faida yao ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha, na Hazina haikuuliza sana. Kampuni hizo zilipofilisika miaka ya 1340, Papa alitafuta nyingine.

Je, anayedaiwa asipolipa? Hapa ndipo ningetumia kipindi kizima darasani. Tarehe 5 Julai 1328, kwa sababu ya ada ambazo hazijalipwa, ilitangazwa Avignon kwamba patriarki mmoja, maaskofu wakuu 5, maaskofu 30 na maabate 46 wameadhibiwa: kutengwa na Kanisa, kusimamishwa kazi, kufungiwa ibada. Viongozi 82 wa Kanisa kwa siku moja, na kosa lao ni deni.

Kutengwa na Kanisa hakukuwa jambo dogo. Mtu aliyetengwa hakupokea sakramenti, hakuzikwa penye ardhi iliyobarikiwa, na majirani walikatazwa kushirikiana naye. Uingereza, akikaa siku 40 bila kutubu, askofu aliweza kumwandikia mfalme ili mtu huyo akamatwe. Adhabu hii ilikusudiwa kwa wazushi na wakosaji sugu. Sasa ilitumika kwa askofu aliyechelewa kulipa, pengine kwa sababu mvua zilikuwa zimeozesha ngano shambani. Miaka ya 1315 hadi 1317 Ulaya ya kaskazini ilikumbwa na njaa kuu. Naye aliyebanwa alimbana aliye chini yake, mpaka mzigo ukamfikia mkulima anayedaiwa zaka ya sufu na nyasi kavu. Kufikia mwisho wa karne hiyo kulikuwa na watu waliokaa wametengwa miaka mingi wakiendelea na biashara zao. Silaha ya roho ilipogeuzwa ya kukusanyia madeni, ilibutuka. Kwa maoni yangu hapo ndipo mamlaka ya Kanisa ilipopata jeraha lisilopona, kuliko kwenye karamu zote za Avignon zikijumlishwa.

Umeuliza fedha zilitumika kwa nini. Wengi hudhani ni anasa. Yohane XXII hakuwa mtu wa anasa nyingi, na zaidi ya asilimia 60 ya matumizi yake yalikwenda vitani Italia, kupigana na akina Visconti wa Milano na wababe wengine ili aipate tena nchi ya Papa. Mjumbe wake, Kardinali Bertrand du Pouget, alikaa huko miaka mingi akilipa askari wa kukodi, na mwaka 1334 watu wa Bologna wakamtimua. Fikiria hesabu hiyo: paroko wa Norway au wa Ureno anatozwa ili mamluki alipwe huko Lombardia.

Papa huyohuyo, mwaka 1323, alitangaza kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume wake hawakumiliki kitu chochote, mmoja mmoja au kwa pamoja. Alikuwa na hoja za kisheria ambazo si za kudharau. Wafransisko, watawa walioapa umaskini, walikuwa wakitumia mali nyingi huku wakisema si yao, ni ya Papa. Lakini fikiria lilivyosikika masikioni mwa watu. Mkuu wa Wafransisko, Michele wa Cesena, pamoja na mwanafalsafa Mwingereza William wa Ockham, walitoroka Avignon usiku mwezi Mei 1328, wakaenda kujiunga na Ludwig wa Bavaria, adui mkubwa wa Papa. Wiki chache baadaye ndipo likatoka lile tangazo la maaskofu wenye madeni.

Mrithi wake, Benedikto XII, aliyekuwa mtawa, alipunguza vita, akawaamuru mapadre waliojazana Avignon wakisaka vyeo warudi walikotoka, akaweka akiba na kuanza kujenga kasri ambalo hadi leo watalii huliendea. Klementi VI akaitumia akiba ile. Alipanua kasri, akajaza jumba wachoraji na wanamuziki, na mwaka 1348 akaununua mji wenyewe wa Avignon kwa florini 80,000 kutoka kwa Malkia Joanna wa Napoli, aliyekuwa na shida ya fedha. Mwaka huo tauni ilipoua watu kwa maelfu, Klementi huyuhuyu alitoa hati za kuwalinda Wayahudi waliokuwa wakiuawa kwa kusingiziwa kutia sumu visimani, na jumba la sadaka la Pignotte liliendelea kuwagawia maskini mikate. Wanafunzi hupenda mtu awe mwema au mbaya. Huyu atawasumbua, na ni vizuri awasumbue.

Kundi moja husahaulika katika ubishi huu, nalo ni wafalme. Vitabu vya shule huonyesha Papa na mfalme wakigombana, na kweli waligombana. Mwaka 1296 Bonifasi VIII alikataza wafalme kuwatoza kodi wakleri, yaani watumishi wa Kanisa, bila idhini yake. Philippe IV wa Ufaransa akajibu kwa kuzuia dhahabu na fedha kutoka nje ya nchi yake, na mwaka uliofuata Papa akalegeza. Mwaka 1302 Bonifasi akatoa hati iliyosema kila binadamu lazima awe chini ya Papa wa Roma ili aokoke. Septemba 1303 Guillaume de Nogaret, mtumishi wa Philippe, pamoja na Sciarra Colonna, wakamvamia mjini Anagni na kumshika. Wenyeji walimwokoa, lakini mwezi uliofuata akafariki.

Baada ya hapo pande zote mbili ziligundua kuwa kula pamoja kuna faida kuliko kupigana. Papa alitangaza zaka maalumu juu ya mapato ya wakleri kwa ajili ya vita vya msalaba, kisha akamruhusu mfalme achukue sehemu kubwa. Mbinu yenyewe haikuwa mpya: hata kabla ya ugomvi huo, mwaka 1291, mapato ya wakleri wa Uingereza na Wales yalikadiriwa upya kwa ajili ya zaka kama hiyo, ikafika takribani pauni 210,000 kwa mwaka. Fedha zikaishia kwenye vita vya Edward I vya hukohuko Ulaya. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1351 ya kuzuia uteuzi wa Papa, na nyingine mwaka 1353 ya kuzuia kesi kupelekwa kwenye mahakama zake. Wafalme waliziweka mfukoni, wakawa wanazitoa tu wanapotaka Papa ateue watu wao. Paroko na mkulima hawakuwa na mtetezi: waliodai kuwalinda dhidi ya Avignon walikuwa na mkono kwenye bakuli lilelile.

Mwaka 1377 Gregori XI alirudi Roma, akafa mwaka uliofuata. Makardinali walimchagua Urbano VI, akawatukana, wakajuta, wakamchagua mwingine: Robert wa Geneva, ambaye mwaka mmoja kabla, akiwa mjumbe wa Papa, vikosi vyake viliwaua maelfu ya watu wa mji wa Cesena. Mapapa wawili, Hazina mbili, wakusanyaji wa aina mbili, na kila mmoja akiwatenga wafuasi wa mwenzake. Mwaka 1409, katika jitihada za kumaliza mgawanyiko, wakawa watatu. Mkutano mkuu wa Kanisa, Mtaguso wa Konstanz (1414–1418) ndio uliowaondoa na kumchagua Martin V mwaka 1417. Ndio pia uliomchoma moto Jan Hus wa Bohemia, Julai 1415, aliyekuwa amesema hadharani mengi ya haya niliyokuandikia.

Kuna tawi la habari hii linalofika kwetu pwani, na sijui kwa nini halifundishwi. Shirika la Watemplari, watawa wapiganaji, lilipovunjwa mwaka 1312, Mfalme Dinis wa Ureno hakutaka mali yao ya nchini kwake iende kwa watu wengine. Mwaka 1319 Yohane XXII, huyohuyo, alikubali lianzishwe Shirika la Kristo na kurithi mali hiyo. Kuanzia 1420 msimamizi wake alikuwa Mwanamfalme Henrique, na mapato yake yakasaidia kugharimia safari za kushuka pwani ya Afrika. Mwaka 1452 na 1455 Papa Nikolasi V alitoa hati zilizompa mfalme wa Ureno ruhusa ya kuteka nchi za Waislamu na wapagani na kuwatia watu wao utumwani. Bendera aliyokabidhiwa Vasco da Gama ilikuwa na msalaba wa Shirika la Kristo. Aprili 1498 akawa Mombasa, kisha Malindi. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa. Unapofundisha kuja kwa Wareno, unaweza kuanzia Avignon.

Kwa nini watu walivumilia? Kwanza, hawakuvumilia yote: walilipa kwa kuchelewa, walificha kondoo, walishtaki. Pili, Kanisa walilolijua halikuwa Avignon. Lilikuwa hospitali ya watawa, shule, mahakama iliyoamua kesi za ndoa na wosia, na zaidi ya yote sala kwa wafu wao. Mtu aliyeamini kwamba mama yake yuko toharani, akitakaswa baada ya kifo, hakuona fedha ya misa kuwa ni kodi. Na fedha nyingi za walei, waumini wa kawaida, zilibaki parokiani. Nenda Long Melford, Suffolk, Uingereza: kanisa kubwa la karne ya 15 lililojengwa kwa fedha za wafanyabiashara wa vitambaa, na majina yao yamechongwa ukutani nje yakiomba wapita njia wawaombee. Walei hao hawakuwa watu waliochoka na dini. Kutenganisha altare yao na Hazina ya mbali kuliwawia rahisi, kwa sababu padre waliyemwona alikuwa maskini kama wao. Mara nyingi alikuwa kaimu tu, akilipwa sehemu ndogo ya mapato ya parokia huku mwenye cheo akiishi mjini.

Utengano huo ulishindikana pale deni la Hazina lilipoingia kanisani kwao likiwa limevaa joho la wokovu. Kiti cha Mainz kilibaki wazi mwaka 1504, kikabaki wazi 1508, kikabaki wazi tena 1514, na kila mara ada ya Roma ilipaswa kulipwa. Makanoni walioishiwa wakamchagua Albrecht wa Brandenburg, kijana wa miaka 23, kwa sababu aliahidi kuilipa mwenyewe. Kwa kuwa tayari alisimamia majimbo ya Magdeburg na Halberstadt, alihitaji pia ruhusa ya pekee ya kushika vyote, nayo ilikuwa ducati 10,000. Alikopa kwa Fugger, wenye benki wa Augsburg. Ili alipe, Roma ilimruhusu kutangaza rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi kwa waliotoa fedha, katika maeneo yake: nusu ya makusanyo kwa ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro, nusu kwa Fugger. Wahubiri walitembea na wakala wa benki.

Wakulima na mafundi walionunua rehema hizo hawakuujua mkataba ule. Martin Luther, mtawa aliyekuja kuanzisha Uprotestanti, naye hakuujua. Katika hoja zake aliandika kwamba Papa angejua jinsi wahubiri wa rehema wanavyowakamua watu, angeona heri Kanisa la Mtakatifu Petro liteketee kuliko kujengwa kwa ngozi na mifupa ya kondoo wake. Tarehe 31 Oktoba 1517 alizituma hoja hizo, pamoja na barua ya heshima ya kulalamika, kwa Albrecht mwenyewe.